Chini ya Mng'ao wa Kromu: Jinsi ya Kutambua Mzinga wa Snea ya Zamani

Ngoma mbili za snea za kampuni ya Ludwig zimetengenezwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote zina kipenyo cha inchi 14 na zote zinang'aa kwa kromu. Mzinga wa moja ni wa shaba ya njano, wa nyingine ni wa aluminiamu, na ile ya shaba huuzwa ghali zaidi. Anayetazama nje tu hawezi kuzitenganisha. Majibu yafuatayo yanamwonyesha mnunuzi pa kuangalia.

Je, sumaku inatosha?

Inatosha kutambua chuma tu. Iguse mzinga wenyewe, si pete za juu na chini wala skrubu, kwa kuwa hizo mara nyingi ni za chuma hata kwenye ngoma ya thamani. Sumaku ikinata kwa nguvu, mzinga ni wa chuma. Isiponata, ni shaba au aluminiamu. Mvuto hafifu sana usimbabaishe mtu: chini ya kromu huwa kuna nikeli, nayo huvutwa na sumaku.

Shaba na aluminiamu hutofautishwaje?

Kwanza kwa uzito. Shaba ya njano ina uzito wa takriban mara 3 wa aluminiamu yenye ujazo uleule, na mzinga ukivuliwa pete na vyuma vyote, mkono unaitambua tofauti hiyo papo hapo.

Pili, kwa namna kromu inavyochakaa. Ludwig ilianza na shaba, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikahamia aluminiamu iliyoiita Ludalloy. Ndiyo iliyotumika kwa Supraphonic, familia ya snea ambayo toleo lake refu, 402, lilipigwa na John Bonham wa Led Zeppelin. Kromu haishikamani vizuri na aluminiamu, hivyo Supraphonic nyingi zina vishimo, viputo na magamba yanayobanduka. Kwenye shaba, kromu ikilika huonekana rangi ya njano, hasa kwenye kingo na ndani ya matundu ya skrubu.

Na mizinga ya mbao?

Hapo ni lazima ngozi moja ivuliwe. Slingerland Radio King za zamani zilipindwa kutoka ubao mmoja wa mepo, zikaimarishwa kwa pete za mbao ndani. Maungio ya ubao huo huonekana yakikatiza kwa mshazari. Ludwig za miaka ya 1960 zina tabaka 3 za mbao, popla ikiwa katikati, pamoja na pete za mepo. Gretsch hujulikana kwa rangi ya fedha iliyopakwa ndani.

Nembo na namba zina uzito gani?

Ni ushahidi wa kusaidia tu, kwa sababu nembo huweza kuhamishwa kutoka ngoma moja hadi nyingine. Muhuri wa tarehe uliopigwa kwa wino ndani ya Ludwig nyingi za mbao ni mgumu zaidi kughushi. Matundu yasiyo na kazi nayo yanaonyesha kwamba vifaa vimebadilishwa.

Inafaa kukwaruza ili kuhakikisha?

Hapana. Mkwaruzo hupunguza thamani, na matundu yaliyopo yanaonyesha madini yaleyale. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe ngozi ya chini ivuliwe na picha za ndani zipigwe kwenye mwanga wa kutosha. Muuzaji akikataa, mnunuzi asilipe bei ya shaba.