Kundi la Damu Halimtambulishi Baba

Baba ni kundi A, mama B, mtoto katoka O. Kadi ya kliniki ikishasomwa, minong'ono huanza: huyu mtoto ni wa nani? Anaweza kabisa kuwa wao.

Kila mtoto hurithi sehemu mbili za kundi lake, moja ya baba na moja ya mama. O hufunikwa na A au B, hivyo mtu wa kundi A huenda amebeba O asijue, na kadi haitamwambia. Akizaa na wa kundi B aliyebeba O, ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kutoka A, B, AB na O. Vivyo hivyo kwa Rh, ile alama ya chanya au hasi kando ya kundi: wazazi wawili wenye Rh chanya huweza kupata mtoto mwenye Rh hasi.

Kufanana nako si ushahidi. Hapa Afrika Mashariki takriban nusu ya watu ni O. Mtoto wako akiwa O, amefanana na nusu ya mtaa.

Kundi la damu huweza tu kumwondoa mtu. Kwa kawaida wazazi wawili wa O hawazai A, wala mwenye AB hazai O. Katika kesi ya ubaba dhidi ya mwigizaji Charlie Chaplin huko Los Angeles, mama alikuwa A, mtoto B, Chaplin O. Ile B lazima ilitoka kwa baba, na Chaplin hakuwa nayo. Hata hivyo, mwaka 1945 jopo la waamuzi lilimtangaza kuwa baba, kwa kuwa sheria ya California wakati ule haikuwalazimisha kufuata kipimo. Kisayansi walikosea.

Lakini hata kuondolewa huko kuna mianya. Kundi huandikwa vibaya, la kichanga huweza kusomeka hafifu, na wapo wachache wenye hali iitwayo Bombay, iliyoelezwa mwaka 1952: hupimwa wakaonekana O, kumbe wanaweza kumrithisha mtoto A au B.

Basi usimfukuze mtu nyumbani kwa sababu ya kadi. Pimeni upya, wazazi wote wawili na mtoto. Shaka ikibaki, kinachoamua ni kipimo cha vinasaba. Tanzania hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia kwa wahusika kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Anzia ustawi wa jamii wilayani kwako.