SOMO: UJUMBE WA SIMU NA USALAMA WA NYUMBA ZETU



Somo letu la safari hii lahusu kitu kilichomo mifukoni mwetu karibu sote, yaani simu ya mkononi, na hasa ujumbe mfupi. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kueleza jinsi ujumbe unavyosafiri, kutambua ujumbe wa udanganyifu, na kujua la kufanya aupatapo.

1. Ujumbe husafirije?

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi kijana, Neil Papworth, aliandika salamu za Krismasi kwenye kompyuta, akazituma kwenye simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Jarvis hakuweza kujibu, kwa sababu simu yake haikuwa na njia ya kuandika ujumbe.

Unapotuma ujumbe kutoka Mpanda kwenda Inyonga, hauruki moja kwa moja hadi kwa mwenzako. Hupokelewa kwanza na mnara, ukapelekwa kwenye mtambo wa kampuni. Mtambo huutunza mpaka simu ya mwenzako ipatikane, ndipo umfikie. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160 tu, pamoja na nafasi.

Wenye umri mkubwa wanazikumbuka kadi za posta, zilizopelekwa bila bahasha. Ujumbe mfupi wa kawaida wafanana na kadi hiyo: umo mikononi mwa wachukuzi bila kufungwa kwa gundi. WhatsApp ni mfano wa barua iliyofungwa, kwa maana tangu mwaka 2016 maneno yake hufichwa kutoka simu hadi simu. Lakini hata barua iliyofungwa haisaidii kitu ikiwa aliyeiandika ni mwongo. Basi usalama wetu hautegemei mtambo peke yake.

2. Pesa zilipoingia katika simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwezi Aprili 2008. Kampuni nyingine zikafuata. Ikawa baraka kubwa kwa mkoa kama wetu, ambamo mtu wa Karema au Mishamo husafiri mbali sana kuifikia benki. Leo mkulima huuza mpunga Majimoto, na ada ya mtoto ikafika shuleni kabla jua halijatua. Lakini palipo na ghala, panya hawakosi, na tangu simu ilipokuwa ghala, wezi wameifuata.

3. Aina za udanganyifu

(a) "Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu hutumwa kwa watu wengi bila kuwajua. Kati ya hao hakosekani mmoja ambaye kweli anadaiwa kodi ya nyumba, au ameahidi kumtumia ndugu yake. Huyo hudhani ni yule anayemtarajia, akatuma.

(b) Pesa iliyokosewa. Unapata ujumbe kwamba umepokea shilingi 150,000, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Ujumbe huo ameutunga yeye mwenyewe. Angalia salio lako kwanza. Kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako, bali mwambie aende kwa kampuni yake.

(c) Anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Huomba namba ya siri, au hukwambia ubonyeze tarakimu fulani ili laini isifungwe. Kampuni zetu za simu huwahudumia wateja kwa namba 100. Tena hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri.

(d) Namba sita za WhatsApp. Mtu akikuomba umsomee namba sita zilizoingia katika simu yako, anataka kuichukua WhatsApp yako. Akiisha kuipata ataandika kwa jina lako, akiwaomba pesa ndugu zako na wanakwaya wenzako.

(e) Waganga, na watu wa utajiri wa ghafla. Hawa hatuna haja ya kuwaeleza sana. Huahidi mali bila kazi, kisha huomba pesa ya kuanzia.

Yafaa tuone kwamba njia hizi zote zina kitu kimoja: haraka. Mdanganyifu hataki ulale na jambo lake hata usiku mmoja, wala hataki umwulize jirani. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba haraka haina baraka.

4. Nyimbo, habari na programu za kupakua

Ziko huduma halali ambazo nazo hula pesa polepole. Mtu hubonyeza namba ili anayempigia asikie wimbo, au apate mafundisho na habari za mpira kila siku. Asipoangalia, hukatwa fedha kila siku au kila juma. Kisha hulalamika kwamba vocha inaisha bila kupiga simu. Dawa yake ni kusoma ujumbe wa huduma hiyo mpaka mwisho, kwani neno la kujiondoa huandikwa humo. Usipoliona, piga 100 uulize umeandikishwa katika huduma zipi.

Hatari zaidi ni programu za mikopo. Nyingine, zikiisha kupakuliwa, huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu. Mkopaji akichelewa, ndugu, mwajiri na hata kasisi wake huandikiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Basi kabla ya kukopa, uliza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Tena usipakue programu kutoka kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua.

5. Sheria na ulinzi uliopo

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna mambo mawili ambayo kila mmoja aweza kuyafanya leo. La kwanza, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni hiyo ikaondolewe. Laini ikitumika kwa wizi, mwenye jina ndiye atakayeulizwa kwanza. Kwa hiyo wakala akikuambia uweke kidole mara ya pili na ya tatu, muulize sababu. La pili, ujumbe wa udanganyifu upeleke kwenda namba 15040, ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyoutuma.

Ukiwa umekwisha kutuma pesa, piga 100 saa ile ile. Pesa ambayo haijatolewa kwa wakala yaweza kuzuiwa, lakini iliyokwisha kutolewa ni vigumu kuipata. Baada ya hapo toa taarifa polisi, na usiufute ujumbe, kwa kuwa ndio ushahidi wako.

6. Neno kwa wazazi na kwa kanisa

Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya udanganyifu wa simu. Sisi wa Katavi tulikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, kwa hiyo habari hii si ya nchi ya mbali. Wanaotuma jumbe hizo wana wazazi, na wengine huenda walibatizwa makanisani mwetu. Kijana asiye na shamba wala duka akileta nyumbani pikipiki na bati za kuezekea, mzazi asishangilie tu. Amwulize zimetoka wapi. Bati hizo huenda ni mbolea ya mjane fulani, au ada ya yatima.

Kwa upande wa fedha za parishi, napendekeza kanuni moja. Mchango wowote ulioombwa kwa ujumbe, hata ukiwa na jina la kasisi au la mtunza hazina, usitumwe mpaka mtoaji ampigie mwenye jina kwa namba aliyoizoea, asikie sauti yake. Namba ya michango itangazwe kanisani na kubandikwa ukutani.

Mwisho, tusiwacheke waliodanganywa. Wengi hunyamaza kwa aibu, na kunyamaza kwao humpa mwizi nafasi ya kuingia nyumba ya pili. Aliyeibiwa akisema mbele ya wenzake, amewalinda.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ujumbe mfupi hufananishwa na kadi ya posta?
2. Mama mmoja ameuza mpunga kwa shilingi 600,000. Jioni anapata ujumbe: "Mama, ile pesa ya mbolea itume kwenye namba hii, yangu ina shida." Afanye nini kwanza, na nini baadaye?
3. Bonyeza *106#. Je, laini zote ulizoziona ni zako?
4. Someni Mithali 14:15. Mstari huo watufundisha nini juu ya ujumbe usioutazamia?
5. Katika jumuiya yenu, ni nani asiyeweza kusoma ujumbe wa simu yake mwenyewe? Nani atamsaidia bila kuijua namba yake ya siri?