Kufundisha Muziki Shuleni Bila Kinanda: Ninavyofanya Hapa Ilala

Walimu wenzangu huniuliza: muziki utafundishwaje na shule haina hata ngoma? Nafundisha shule ya msingi hapa Ilala, darasani nina watoto 82, na kinanda hatuna. Nilianza na koo zao na viganja vyao, na mpaka leo ndivyo ninavyoanza kila Januari. Hata nikiletewa kinanda kesho, nitakifungia kabatini muhula mzima wa kwanza. Mtoto anayeanzia kwenye kinanda huzoea kuitafuta sauti kwa macho. Mimi nataka aitafute kwa masikio.

Mapigo tunayapata bure Kariakoo. Mtoto aliyepita Mtaa wa Kongo jana jioni amebeba mapigo ya kutosha somo zima. Machinga anayenadi "jero, jero, jero" hapotezi pigo hata akiwa anarudisha chenji. Namwomba mtoto aigize alichosikia, darasa zima limfuate kwa makofi. Kisha tunaingia kwenye matunda. Wote wanasimama na kutembea papo hapo walipo, kila hatua pigo moja. Ndani ya hatua moja tunatamka "nazi", silabi mbili zinazolingana. Halafu "nanasi", silabi tatu. Halafu "parachichi", nne. Safu za mbele zishike nazi, za nyuma zishike parachichi, miguu isibadili mwendo. Hapo wameshajua kuligawa pigo kabla sijaandika chochote ubaoni. Nanasi na nazi zikienda pamoja, tatu kwa mbili, darasa huvurugika siku ya kwanza na hata ya pili. Vumilia. Tatu kwa mbili ndiyo roho ya ngoma zetu nyingi, na mtoto akishaishika haimtoki tena.

Kwenye sauti natumia do-re-mi na ishara za mkono. Ni njia ya zamani: John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakaja nayo huku, na kwaya zetu nyingi bado zinaimba kwa karatasi za sol-fa. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Mi ni kiganja bapa kinachotazama chini. So ni kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe, usawa wa kifua. Usianze na ngazi nzima. Anza na so na mi peke yake, sauti mbili ambazo watoto huzitoa wenyewe wakiitana uwanjani, na ukae nazo hata wiki mbili.

Mwaka mmoja nililetewa mvulana wa darasa la nne ambaye kila mtu alisema hajui kuimba. Alikuwa na sauti moja tu, nzito, chini ya wenzake wote. Badala ya kumvuta apande kwangu, nilishuka hadi kwenye sauti yake nikaimba naye hapo hapo. Alinitazama kwa mshangao. Nadhani hakuwa amewahi kusikia sauti yake ikilingana na ya mtu mwingine. Kutoka hapo tulipanda hatua moja moja. Mwezi wa nne alikuwa anaimba so na mi na wenzake. Tangu siku hiyo simwambii mtoto yeyote afumbe mdomo, na naomba na wewe usifanye hivyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni wakati wa kutunga. Watoto hupenda kutunga, na kosa lao ni moja: wanachukua tuni iliyopo na kuyabandika maneno juu yake bila kusikiliza mkazo. Kiswahili kwa kawaida kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihama, maana nayo huhama: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, lakini ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Nawapa sentensi moja, "barabara imejaa maji", waitunge. Kundi likiweka sauti ndefu kwenye silabi ya pili, namwita mtoto wa kundi jingine aseme amesikia nini. Wanacheka, wanarekebisha wenyewe. Kuna nyimbo nyingi zilizotafsiriwa ambazo tumezizoea huku mkazo umekaa vibaya, na zinasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Mtoto wa Ilala asitunge hivyo. Awasikilize Msondo na Sikinde, bendi zilizobeba majina ya ngoma: Kiswahili chao ukikiimba au ukikisema ni kilekile.

Chombo cha kwanza tunachotengeneza ni chupa za soda za kioo, nane, za aina moja. Tunaziazima dukani na kuzirudisha. Tia maji viwango tofauti, kisha gonga kwa penseli. Ukiongeza maji, sauti inashuka. Halafu mwambie mtoto apulize mdomo wa chupa ileile: ukiongeza maji, sauti inapanda. Waulize kwa nini kabla ya kuwaeleza. Ukigonga, kinachotetema ni kioo, na maji yanakilemea. Ukipuliza, kinachotetema ni hewa iliyobaki ndani, na maji yameifupisha. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kwa jambo hili, kwa hiyo elewana na mwalimu wa sayansi mkiunganishe na chake. Ngoma za kuwamba ngozi zije baadaye. Kwa sasa ndoo tupu za rangi za lita 20 zinatosha kabisa.

Tuni ya wimbo wetu wa taifa, inayoimbwa mstarini asubuhi, ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyekuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo. Alikuwa mwalimu kama sisi. Kwa hiyo Jumatatu usimwache kiranja aanzishe kwa sauti ya juu mpaka wenzake wapige kelele. Simama mbele yao, wape do iliyo chini kidogo, subiri waishike kwa mvumo wa midomo iliyofumbwa, kisha waruhusu waimbe. Hilo ndilo somo lako la kwanza la muziki, na halihitaji bajeti.