Kivuli cha Fimbo

Mimi ni mtoto wa askari. Likizo ya Juni, watoto wa kambini kwetu tulikwenda kupiga mahema porini, nje ya mji wa Shinyanga. Siku ya pili, adhuhuri, nilipotea nikitafuta kuni. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Ulaya kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Nikakifuata, kumbe nakwenda kusini! Filimbi ya kiongozi ndiyo iliyoniokoa.

Akanieleza: Shinyanga iko karibu digrii 4 kusini ya Ikweta. Juni jua hupita kaskazini yetu, na kivuli huanguka kusini. Desemba ni kinyume.

Basi, wenzangu, simikeni fimbo, mweke jiwe penye ncha ya kivuli. Ngojeni robo saa, mweke la pili. Kutoka la kwanza kwenda la pili ni mashariki.