Swali la Afya Likifika Mezani pa Mkutubi

Mtu akiandika "UTI sugu" au "nguvu za kiume" kwenye simu yake, majibu mengi yanayomjia ni ya watu wenye kitu cha kuuza. Namba ya WhatsApp iko juu, bei iko chini, na katikati kuna maneno ya kitabibu yaliyopangwa kumtia hofu mpaka aagize chupa. Mji huohuo unaweza kuwa na maktaba ya umma yenye kompyuta na mkutubi asiyeuza dawa yoyote. Unaweza pia kuwa na chuo cha tiba ambacho maktaba yake inapata majarida ya kitabibu ya dunia nzima. Mara nyingi maktaba hizi mbili hazijuani, hata kama daladala moja inapita kwenye milango yao yote miwili.

Maneno haya ni kwa wakutubi wanaotaka kuziunganisha, ili mwananchi apate mtandaoni taarifa za afya zinazoaminika, kwa Kiswahili na bila kuuziwa kitu.

Msianze na tovuti. Najua ndiyo inayovutia: jina zuri, nembo, uzinduzi wenye mgeni rasmi na picha ya pamoja. Anzeni na daftari kwenye meza ya mapokezi. Kwa miezi miwili hivi andikeni kila swali la afya linaloulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Jina lake msiliandike, wala namba yake ya simu, wala mtaa anaoishi. Mtakuta watu hawaulizi "elimu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza". Wanauliza kama mtu wa presha anaweza kuacha dawa akijisikia vizuri, kama vidonda vya tumbo vinaambukiza, kama kujifukiza kunatibu mafua. Hayo ndiyo yatakayokuwa vichwa vya kurasa zenu baadaye.

Kisha gawaneni kazi kwa kuangalia nani ana nini. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na wachapishaji wakubwa lilianzisha mpango wa Hinari, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Ruhusa hiyo ni ya taasisi iliyosajiliwa na watu wake tu. Mkutubi wa chuo hawezi kumpa mwenzake wa maktaba ya mkoa nywila kwa sababu wamekuwa marafiki, na akifanya hivyo anahatarisha huduma ya chuo kizima. Anachoweza kufanya ni kusoma, kulinganisha, na kuandika jibu kwa maneno yake. Kwa hiyo kinachosafiri kati ya maktaba hizi ni swali na jibu, na jarida linabaki chuoni.

Tuseme ni Mwanza, kati ya maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba na maktaba ya chuo kikuu cha afya kilichoko kilimani Bugando. Anaingia mama ambaye mtoto wake amepimwa akakutwa na selimundu, ugonjwa unaofahamika sana Kanda ya Ziwa. Mkutubi asikimbilie kibodi. Aanze hivi: "Shikamoo mama, karibu. Tutafute habari za ugonjwa wenyewe, za dawa, au za kumlea mtoto nyumbani?" Mama anasema mwanawe anapenda mpira na shangazi yake anamkataza. Sasa kuna swali linaloweza kujibiwa: mtoto mwenye selimundu acheze au asicheze?

Swali linaandikwa na kutumwa chuoni. Mkutubi wa huko anatafuta, anaandika rasimu ya nusu ukurasa, na daktari au muuguzi wa kliniki ya selimundu anaisoma na kuisahihisha. Jibu linarudi likisema kwamba kwa kawaida anaweza kucheza, ila apumzike akichoka, anywe maji mara kwa mara, asibaki na nguo zilizolowa wala kukaa kwenye baridi, na mwalimu wake ajulishwe. Chini yake, kwa herufi nzito, ziwekwe dalili zisizosubiri kesho: homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba, kupauka ghafla, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mama anapewa karatasi. Jibu hilohilo linawekwa mtandaoni likiwa na tarehe na cheo cha aliyelipitia. Kurasa za namna hii kumi na tano zikipatikana, tovuti imeshajijenga yenyewe.

Makubaliano ya kazi hii yaandikwe, hata kama ni kurasa mbili tu. Yataje nani anapokea maswali, jibu litoke ndani ya siku ngapi za kazi, na nani akisafiri nani anashika nafasi yake. Yaseme wazi kwamba hakuna ukurasa unaotoka bila mtaalamu wa tiba kuupitia, na kwamba mkutubi hapimi ugonjwa, hapangi dozi, wala hatafsiri majibu ya maabara ya mtu. Mtu akija na hali ya hatari, hakuna kutafuta kitabu: aelekezwe hospitali, au kwa Tanzania ipigwe 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Ubandikeni mpaka huo ukutani ili hata kijana wa mafunzo kwa vitendo aujue.

Si lazima kila jibu muandike upya. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilifungua MedlinePlus mwaka 1998 kwa ajili ya watu wasio madaktari, na ndani yake kuna mkusanyo wa vipeperushi vya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kuweka kiungo kunaruhusiwa. Kunakili kunataka uangalifu: muhtasari wa mada za afya ulioandikwa na maktaba yenyewe hauna hakimiliki, lakini ensaiklopidia ya tiba na maelezo ya dawa yaliyomo humo ni mali ya wengine. WHO nayo, tangu mwishoni mwa 2016, hutoa machapisho yake mengi kwa leseni inayokuruhusu kutafsiri bila kufanya biashara, mradi utoe tafsiri yako kwa leseni ileile na uandike kwamba tafsiri si ya WHO na kwamba toleo la asili ndilo lenye mamlaka. Someni ukurasa wa hakimiliki kabla ya kuanza kutafsiri. Inauma kuuondoa mtandaoni ukurasa mliouhangaikia wiki nzima.

Kuhusu kupima tovuti za wengine, naona tunawafundisha watu orodha ndefu mno. Yatosha kuuliza nani ameandika, lini, ametoa wapi, na anapata nini nikimwamini. Hilo la mwisho ndilo linalowakamata wauza dawa. Alama za ubora msizitegemee. Taasisi ya Health on the Net ya Geneva ilianza kutoa nembo yake ya uaminifu mwaka 1996, ikafunga shughuli zake mwishoni mwa 2022. Nembo iliyobaki kwenye ukurasa wa mtu leo haina anayeikagua.

Andikeni kwa maneno ambayo mtu angeyaandika kwenye simu. "Shinikizo la damu" na "presha" yawepo yote mawili kwenye ukurasa mmoja, la sivyo hautaonekana. Picha kubwa zinakula bando, kwa hiyo ziwe chache na nyepesi. Kwa asiyesoma vizuri, rekodini jibu kwa sauti, lisizidi dakika mbili, na liwe dogo kiasi cha kutumwa WhatsApp. Huko ndiko uzushi unakosafiri, na jibu lenu lisafiri njia hiyohiyo. Mkijibu uzushi, msimcheke aliyeuamini. Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi walipiga nyungu, yaani walijifukiza, kwa sababu walikuwa na hofu na hawakuwa na kingine cha kufanya.

Faragha ni suala la samani kabla ya kuwa suala la sheria. Kompyuta ya kutafutia mambo ya afya isielekee mlangoni, na ifute historia kila mtu anapoondoka. Sheria nayo ipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Njia rahisi ya kuzitii ni kutokukusanya msichokihitaji. Kwa Tanzania, waulizeni pia Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kama tovuti yenu inaguswa na kanuni za maudhui ya mtandaoni.

Jambo linaloua miradi hii ni matunzo. Mwaka 2003 maktaba ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ilifungua pamoja na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani orodha ya huduma za afya za jimbo hilo, na mfano ukaenea majimbo mengine kwa jina la Go Local. Mwaka 2010 mpango huo wa kitaifa ulisitishwa. Orodha ya zahanati inataka mtu wa kupiga simu bila kuchoka: hii imehama, ile imebadili saa, ile nyingine daktari wake ameondoka. Kama hamna mtu huyo, wekeni namba ya ofisi ya mganga mkuu wa wilaya na muishie hapo. Kila ukurasa uwe na tarehe ya kupitiwa tena, mwaka mmoja mbele. Tarehe ikipita bila mtu kuupitia, ukurasa ushuke.

Na nywila ya tovuti iwe ya ofisi, iandikwe kwenye bahasha ndani ya kabati la mkuu wa maktaba, pamoja na risiti ya malipo ya jina la tovuti na tarehe ya kulipia tena. Wakutubi huhamishwa, na barua ya uhamisho haisubiri mtu amalize kukabidhi.