Gari Nyumbani Linalia: Maswali Sita Kabla Hujatuma Hela

Leo hatuzungumzii ada za kutuma pesa wala akaunti ya akiba. Tunazungumzia ile simu ya Alhamisi usiku, umemaliza kuosha vyombo au umerudi kambini toka saiti, hata viatu hujavua: "Dada, gari linalia. Fundi anasema ni beringi. Tuma hela."

Wengi wetu akiba yetu ya kwanza kubwa iliingia kwenye gari la mtumba. IST, Vitz, Noah, Probox, wengine Hiace. Kaka au shemeji analiendesha, analeta hesabu, na sisi huku tunajiambia tuna biashara. Halafu gari linaanza kulia, na hesabu yote inarudi gereji.

Mwenzetu mmoja anafanya kazi za ndani Muscat, mshahara wake rial 90. Gari lake lilianza kuvuma. Fundi akasema beringi ya mbele kushoto. Akatuma. Mvumo ukabaki. Fundi akasema basi ni ya kulia. Akatuma tena. Mvumo uko palepale. Mara ya tatu akaambiwa giaboksi, na bei yake ilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima. Hapo ndipo alipotuuliza tufanyeje.

Kaka yake hakuwa mwizi. Wala hatusemi fundi alikuwa mwizi. Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa anabahatisha, na aliyekuwa analipia kubahatisha huko ni yeye. Somo letu la leo ni hili: mlio si jina la ugonjwa. "Linavuma" ni kama mtoto kusema tumbo linauma. Kabla ya dawa, daktari anauliza: linauma wapi, saa ngapi, ukila nini? Gari nalo linaulizwa hivyohivyo. Mlio unatokea WAKATI GANI? Jibu la hapo ndilo linaloonyesha kifaa, na kulipata ni bure.

Nakili maswali haya sita umtumie dereva wako. Mwambie kwa upole, asije akaona unamshuku: "Kaka, nisaidie kunijibu haya, tusije tukanunua spea ambayo si yenyewe."

1. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mlio upo?

Liegeshe, weka P au N, vuta hendibreki, kisha kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukiwepo na ukipanda pamoja na injini, acha mambo ya tairi. Tafuta upande wa injini: mkanda, alteneta, pampu ya maji, eksozi.

Mlio mkali wa kukwaruza asubuhi wakati wa kuwasha, kisha unapotea, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Mlio wa bati linalotetemeka chini ya gari mara nyingi ni kinga ya joto ya eksozi iliyolegea, na hiyo hufungwa kwa klipu ya bei ndogo tu.

Kama gari la otomatiki linatetemeka likiwa kwenye D huku umekanyaga breki, na ukiweka N linatulia, shuku mauntingi za injini. Kama linatetemeka kote kote na injini inakosakosa, angalia plagi na koili kwanza.

2. Mlio au mtetemo unafuata mwendo wa gari?

Kama limesimama ni kimya, lakini likitembea linaanza na kadiri linavyokimbia ndivyo unavyozidi, basi tafuta kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu: tairi, rimu, beringi, drafshafti, giaboksi. Kwa Hiace na magari mengine yanayosukumwa na tairi za nyuma, ongeza propela shafti na viungo vyake.

Mtetemo unaokuja karibu kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kisha ukipita hapo unapungua, mara nyingi ni wili balansi. Ukiusikia mikononi kwenye usukani, anza na tairi za mbele. Ukiusikia kwenye kiti, anza na za nyuma. Na kabla hata ya balansi, angalia ndani ya rimu: tope lililokauka upande mmoja linatosha kutetemesha gari zima. Dawa yake ni maji na brashi.

Beringi iliyokufa huvuma kama ndege ya mbali. Kipimo chake: kwenye kona ndefu, kwa mwendo wa kawaida, sikiliza. Gari likikata kushoto, uzito unaegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukizidi linapokata kulia, shuku ya kushoto. Kama kona haibadilishi chochote, usikimbilie kununua beringi.

3. Unatokea unapokata kona?

"Ta-ta-ta-ta" unapokunja usukani mpaka mwisho huku ukikanyaga mafuta, kwa mfano ukigeuza gari uwanjani, ni dalili ya sivi jointi ya nje. Mwambie dereva achungulie nyuma ya tairi la mbele. Ule mpira unaofunika jointi ukiwa umechanika na grisi imeruka kila mahali, umepata jibu. Ukiona mpira umechanika lakini bado hakuna mlio, badilisha mpira na grisi mapema. Ni rahisi kuliko jointi nzima.

4. Unatokea unapokanyaga breki?

Mlio mwembamba wa chuma ukikanyaga breki: pedi zinaelekea kuisha. Mlio wa kusaga, chuma kwa chuma: pedi zimekwisha na sasa zinakula diski. Usiahirishe hii. Kama ni pedali inayokupiga mguu na usukani unacheza ukishika breki, shuku diski, kwa sababu unene wake haupo sawa tena.

5. Unatokea kwenye matuta na mashimo?

"Koko-koko" kwenye barabara mbovu, kwa mwendo mdogo, huwa ni stabilaiza linki, bushi, boljointi au shokapu. Hapa ndipo mafundi wengi hubadilisha vyote kwa mpigo. Usikubali. Stabilaiza linki ni ya bei ndogo kati ya hizo na ndiyo hufa mara nyingi, ianze kukaguliwa. Shokapu iliyokufa mara nyingi huvuja mafuta. Fundi akufunulie picha yake.

6. Ulianza lini, na siku hiyo kilifanyika nini?

Watu wanalisahau swali hili. Ulianza baada ya kubadilisha tairi? Rudi kwenye tairi na nati. Baada ya kuingia shimo? Angalia rimu na tairi kama lina uvimbe. Baada ya kutoka gereji? Muulize fundi wa gereji ile alifungua nini. Gari halisemi uongo kuhusu tarehe.

Kipimo cha kuhamisha tairi

Sasa turudi kwa mwenzetu wa Muscat. Majibu ya kaka yake yalikuja hivi: limesimama, kimya hata akikanyaga mafuta. Mvumo unaanza kilomita 50 na kupanda na mwendo. Kona haibadilishi kitu. Breki haihusiki. Ulianza polepole, hakumbuki siku.

Tukamwambia afanye kitu kimoja: tairi za mbele zihamie nyuma na za nyuma zije mbele, kila moja ibaki upande wake, kisha aendeshe barabara ileile kwa mwendo uleule. Kipimo hiki kinafaa kama tairi zote nne zina saizi moja. Kama ni beringi au giaboksi, mvumo utabaki ulipokuwa. Kama ni tairi, mvumo utahama.

Ulihama. Ukawa unatoka nyuma. Kaka yake akapitisha kiganja juu ya tairi moja, na mkono ukakwama: mpira ulikuwa umelika kama meno ya msumeno. Wili alaimenti ilikuwa imepotea kitambo na tairi zikaliwa vibaya. Alihitaji tairi mbili na alaimenti. Giaboksi ilikuwa nzima. Beringi mbili alizonunua, kwa kila dalili, zilitolewa bila kosa.

Kama wewe ndiye dereva unayesoma hapa, zingatia usalama: gari liwe mahali tambarare, tairi zilizobaki chini zizuiwe kwa mawe, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nati zikazwe kwa kuvuka, si kwa kuzunguka mduara, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Gari likiwa juu ya jeki, kuna kipimo kingine cha bure. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, litikise. Likicheza hapo tu, shuku viungo vya usukani. Kisha lizungushe kwa mkono usikilize: beringi mbovu hukwaruza.

Milio isiyosubiri mshahara

Kuna mara hatuulizi maswali sita. Gari linasimama papo hapo, na kama lazima, hela ya kwanza kutuma ni ya kulivuta:

- Tairi linayumba au kugonga likiwa linatembea taratibu, hasa baada ya kubadilishwa. Inawezekana nati zimelegea.
- Taa nyekundu ya oili imewaka, au injini inagonga kwa sauti nzito. Zima injini. Kila dakika ya ziada inaweza kuiua.
- Pedali ya breki imekuwa laini au inazama.
- Usukani umelegea ghafla.
- Taa ya injini inawaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama, usiendelee na abiria.

Hapo usimwambie dereva "malizia wiki hii kwanza." Hesabu ya siku tatu hailipi maisha ya mtu.

Jinsi ya kulipa

Ukishapata majibu, lipa kwa utaratibu. Sisi tunafuata haya:

Kwanza, mlipe fundi kazi ya kukagua peke yake, kabla hujalipa spea. Fundi anayelipwa kwa kukagua hana haja ya kuuza kifaa ili apate chakula cha siku.

Pili, omba ujumbe wa sauti au video fupi ya WhatsApp. Simu iwe karibu na mahali pa mlio, na dereva aseme mwendo anaokwenda. Lakini anayerekodi awe abiria, dereva abaki na usukani.

Tatu, kabla ya kutuma, fundi ajibu swali hili: "Umepimaje mpaka ukajua ni hiki? Na kikibadilishwa mlio ukabaki, tutafanyaje?" Fundi mzuri hakasiriki. Atakuonyesha. Anayejibu "niamini tu" mwache apumzike, tafuta wa pili.

Nne, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, kisha gari lijaribiwe. Vikibadilishwa vitatu kwa pamoja hutajua kilichoponya, na mara ijayo utalipia vitatu tena.

Tano, kifaa cha zamani kipigwe picha pamoja na kipya, na cha zamani kibaki na dereva.

Mfuko wa gari

Mwisho, gari la mtumba litalia tu. Kwa hiyo matengenezo yasitoke kwenye mshahara wako wa ugenini, yatoke kwenye gari lenyewe. Tuseme dereva analeta hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku. Tenga 3,000 kila siku kwenye namba ya simu ya peke yake. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 234,000. Simu ya Alhamisi ikija, hela ipo nyumbani tayari, na wewe mshahara wako unaendelea na kiwanja au ada ya mtoto.

Kama hesabu haitoshi kutenga hata 3,000, basi gari hilo halikuletei faida. Linakula akiba yako polepole, na ni bora ujue mapema.

Mwenzetu wa Muscat sasa ana mfuko wake. Wiki iliyopita kaka yake alimpigia tena, na safari hii alianza hivi: "Dada, gari linalia. Limesimama, kimya. Breki, hamna. Ni kwenye matuta tu, mbele kulia. Nimepiga jeki, stabilaiza linki inacheza. Hela ninayo kwenye mfuko, nilitaka tu ujue."

Simu ilichukua dakika mbili. Akalala.