Mikanda ya Mashine ya Kusaga
Mashine ya kijiji ikikata mkanda, akina mama huku Dodoma hurudi na mtama wao kichwani. Kazi hii mnaiweza wenyewe.

Kwanza zima injini, isimame kabisa. Kidole kikikatika hakioti tena.

Soma namba mgongoni mwa mkanda: B72 ni mkanda wa upana B, urefu inchi 72 kwa ndani. Kama ni mitatu, badili yote. Mpya ukiuchanganya na iliyolegea, utabeba mzigo peke yake. Legeza boliti, sogeza injini, vika mkanda kwa mkono. Usiulazimishe kwa bisibisi! Nyoosha uzi toka puli hadi puli uone kama zimelingana. Kaza, ukibonyeza kwa kidole gumba ubonyee kidogo tu. Grisi usipake ng'o, mkanda hushika kwa mbavu zake. Baada ya siku mbili kaza tena.